Mtani wa Wodi ya Wanaume

Mama yangu hakuwa mtu wa kuuliza habari za mjini. Nikipanda kwake mlimani na sukari na sabuni, hakuuliza bei ya mchele wala nani kaolewa na nani. Aliuliza jambo moja, na aliliuliza akiwa amenipa mgongo, anachochea moto au anapepeta.

"Hospitali wamejenga tena?"

Nikisema wamejenga, anauliza tena: "Upande gani?"

"Upande wa barabarani, mama."

Hata walipojenga nyuma nilijibu barabarani. Nisingeweza kumwambia vinginevyo mwanamke yule, na sioni haya kulisema.

Hospitali yetu ya mkoa imekua vipande vipande. Wazee wa mjini hubishana kama ni Mjerumani aliyeianza au Mwingereza, na ubishi huo nawaachia wenyewe. Ninachokijua ni zile wodi ndefu za zamani, zenye baraza pana, na milima ya Uluguru imesimama nyuma yake, hata mgonjwa wa kwetu akigeuzwa ubavu anaona kwao. Nimeijua ikiwa ya bure na haina dawa, nikaijua ikiwa ya kuchangia na dawa za kubahatisha, na sasa ni ya rufaa, ina vigae na vioo, na bado zipo siku utaambiwa dirishani ukajaribu duka la nje. Nimeona wagonjwa wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na wa tatu kwenye mkeka chini yao. Nimeona pia watu wakiingizwa wamebebwa wakatoka kwa miguu yao, sitaki kuisingizia. Kila serikali ilipopata fedha iliongeza jengo, na kila jengo lilipopanda mama yangu alikosa usingizi.

Mtoto wake wa kwanza alifia pale. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Haya niliyapata kwa shangazi na majirani, kwa vipande, maana mama mwenyewe hakuyasema. Uchungu ulimshika masika, ukakataa kuisha. Wakunga wa kijijini walisema wasubiri. Kaka yake akakataa kusubiri. Kwetu ukoo ni wa mama, na mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, kwa hiyo neno lake ndilo lililopita. Akamlaza dada yake kwenye machela ya miti na blanketi, yeye na wanaume wengine wakamteremsha mlima mzima kwenye utelezi ule hadi hospitali. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia hata mara moja.

Mama alilala siku kadhaa hajitambui. Alipopata fahamu akauliza mwanawe yuko wapi, na mtu ambaye hata sura yake hakuikumbuka akamjibu kwamba ameshahifadhiwa. Wapi? Huko nyuma. Basi. Akarudi mlimani na hilo neno moja, huko nyuma, na hakukanyaga tena hospitali ile. Sisi wengine wote alituzaa juu, mkekani, na mkunga na Mungu. Alipovunjika mkono alifungwa vijiti. Alipoumwa jino aling'olewa na fundi wa baiskeli. Ukimwambia twende hospitali alisema, "Pale nina mtu, na sijui namkanyaga wapi."

Na mjomba? Mjomba aliishi ng'ambo ya mfereji, umbali wa kuitana. Alitulimia, alitusomesha, alimwoza dada yetu. Yeye na mama walipelekeana mboga kila siku ya Mungu. Lakini habari ile haikusemwa kati yao maisha yote. Nikiwa mtoto nilidhani ndivyo kaka na dada wanavyokuwa, watu wa kupelekeana mboga na kutazama pembeni.

Sasa, katika miaka hii ya karibuni, mjomba akaanza kuvimba tumbo. Mikono ikakonda, tumbo likajaa, macho yakawa ya manjano. Alipanda na kushuka kwa waganga wa miti mpaka maji yakazidi unga, ndipo mimi na kaka yangu tukamteremsha mjini. Mimi nina cherehani yangu Mji Mpya, nashona sare za shule. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Mzinga. Tukagawana zamu, mimi uji wa asubuhi, yeye jioni. Mjomba akalazwa wodi ya wanaume, moja ya zile za zamani, kitanda cha dirishani.

Humo wodini tukamkuta muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitokea Tabora, mume wake askari magereza, na walikaa Kingolwira. Siku ya kwanza alisoma jina la mjomba kwenye faili, akauliza kabila, akapiga makofi.

"Mluguru! Afadhali umekuja kufia kwangu. Hebu nyoosha miguu nikuone. Ee, kweli, mmoja mfupi. Ndiyo shida ya kuishi kwenye mteremko."

Mjomba, aliyekuwa hajacheka tangu msimu wa maharage, akainua kichwa. "Mnyamwezi mbeba mizigo wewe. Nani kakupa sindano? Kamata gunia ulilozaliwa nalo."

Wodi nzima ikacheka. Asiyejua angeshangaa, lakini Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipopita na mizigo kwenda pwani. Mtani anakutukana na humkasirikii. Ukifiwa anakuja kucheka msibani pako, anazuia jeneza, anavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka na machozi yakiwatoka. Mtani akikwambia utakufa kesho, unamwambia atangulie akakutandikie.

Basi ikawa ndiyo dawa ya mjomba. Yule mama akiingia, kabla hajashika hata kipimajoto, husimama miguuni pa kitanda, anakunja uso, anasema: "Leo sitanii. Leo nasema kweli." Kisha anaachia bomu. Mara kaagiza sanda fupi, maana Mluguru hafiki mita mbili. Mara daktari amesema dawa yake ni kurudishiwa ndizi zote alizokula. Mjomba alikuwa anamngoja huyo mtu kuliko alivyotungoja sisi na uji wetu. Nami nilimpenda. Nilizoea kukaa naye barazani anapokunywa chai, tukazungumza, na siku moja aliponiuliza mbona dada wa mgonjwa hajaonekana, nikamweleza habari yote ya mama, machela, mtoto, na huko nyuma. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi. Hakutania siku ile.

Maana mjomba alikuwa akimuulizia dada yake kila siku. Si kwa sauti. Ukimpangusa uso, utasikia: "Dada hajashuka?" Sisi tunamjibu, "Utapanda wewe, mjomba, kwa nini umsumbue?" Tulijua mama hashuki hospitali kwa jambo dogo. Tulijua pia, mimi na kaka, kwamba angeshuka kwa jambo moja tu, nalo ni kumuaga. Kumwita mama lilikuwa neno zito. Ukiliita ukakosea, umemkanyagisha kaburi la mwanawe bure. Kwa hiyo tulisubiri tuambiwe. Daktari, kijana mpole mwenye wagonjwa wengi kuliko pumzi, alituambia wanaendelea kumfuatilia. Tukashika hilo.

Asubuhi moja yule muuguzi akatuita wote wawili barazani. Kaka alikuwa amekuja siku hiyo kwa kuwa ni sikukuu. Akasimama, akakunja uso.

"Leo sitanii," akasema. "Mleteni dada yake. Leo hii, msingoje kesho. Huyu Mluguru wenu anaondoka."

Kaka yangu akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Sema tu unataka shamba lake la ndizi, mtani. Tutakupa ukoo mzima."

Nami nikacheka. Nikamwambia, "Wewe ngoja pilau tu, utangoja sana."

"Jamani, nisikilizeni. Sitanii."

"Tunajua," akasema kaka. "Huwa hutanii."

Akatutazama. Nauona uso ule hata sasa ninapokata kitambaa, nauona kwenye meza yangu. Mdomo ulikuwa umeanza kucheka wenyewe, kwa mazoea, maana mtani akichekewa hucheka, na macho hayakuwa yanacheka. Akasema tena kitu, sikumbuki nini, wodini wakamwita, akaenda. Sisi tukarudi kwa mjomba tukamsimulia. Akatabasamu, akafumba macho, akauliza: "Hajashuka?"

Alikufa kesho yake, asubuhi, nilipokuwa njiani na uji. Nilikuta wamezungushia pazia. Yule mama hakuwa zamu.

Mimi si mtu wa machozi ya haraka. Hasira yangu ndiyo iko karibu. Nilimkasirikia kaka kwa kicheko chake na nikakikasirikia changu. Nikamkasirikia yule muuguzi, kwa nini hakunishika mabega akanitikisa, kwa nini hakuapa kwa watoto wake. Halafu nikawakasirikia mababu walioanzisha utani huo wa kumchekea mtu anayekwambia ukweli. Na nilipompigia mama simu, nikijikaza, hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Alinitaka?"

Nikashindwa kusema hapana. Nikasema, "Alikuulizia kila siku."

Simu ikakatika, na nilipopiga tena ikawa haipatikani. Kule juu mtandao husumbua. Sijui kama ulikuwa mtandao.

Tulimpandisha mjomba kwa pikapu hadi barabara inapoishia, kisha mabegani, njia ileile aliyomteremshia dada yake. Vijana walipokezana jeneza la msikitini. Mama alitupokea mlangoni, akashika ubao wa jeneza kwa kiganja, akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa: "Hawakuniambia, kaka. Ningekuja. Pale pale ningekuja." Basi nikajua atakavyokaa kuanzia siku hiyo. Alishakuwa na mmoja hospitali ambaye hakujua alipo, na sasa ana mwingine aliyemngoja huko huko naye hakufika. Alikaa mkekani na wanawake, hakula, na kila mlango ulipolia aligeuka. Jioni ya pili alimwambia shangazi kwamba amemsikia mtoto akilia upande wa mfereji. Shangazi akasema ni paka. Wote tukasema ni paka.

Siku ya kuanua tanga, watu wamejaa uani, hitima imekwisha kusomwa, tukasikia kelele kutoka bondeni. Mwanamke anatukana. Anamtukana Mluguru aliyejenga juu ya mawingu ili asifikiwe na wanaomdai, anaitukana njia, anazitukana ndizi. Akatokeza, matope hadi magotini, kitenge kimefungwa kiunoni. Alikuwa ni yule muuguzi. Kapanda peke yake kutoka mjini.

"Ameshazikwa?" akafoka. "Mmemzika bila mimi? Nani alipima kaburi? Huyo mguu mmoja mfupi mmeufanyaje?"

Wanawake wakacheka, kama inavyotakiwa. Sheikh akakohoa akageuzia uso ukutani, kama inavyompasa na yeye. Mimi sikucheka. Kaka yangu aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani mama atamfukuza, maana tulishamweleza yote, nani alisema na nani alicheka. Mama alimtazama tu.

Yule muuguzi akaingia chumbani kwa marehemu bila kuomba, akatoka amevaa koti lake la kahawia na kofia yake, kofia imekaa upande kama alivyoivaa. Akatembea. Mkono mmoja tumboni, mwingine umetangulia unapapasa hewa. Alikuwa mjomba mtupu, mjomba wa siku zile za mwisho, tuliyemjua sisi wa wodini peke yetu. Akajikongoja hadi kwenye kiti cha mjomba, akakaa kwa kuguna. Watoto wakacheka hadi wakaangukiana. Akaniomba uji, mimi mpwa wake, akaonja, akatema, akasema huo uji au gundi ya bango. Hata mimi mdomo ukanicheza. Kilikuwa kicheko kinachouma.

Kisha akaweka uji chini. Akasema, kwa sauti ile ya mjomba iliyokauka: "Dada."

Watu bado walikuwa wanacheka.

"Dada. Njoo ukae hapa."

Mama akainuka mkekani. Wakamwachia njia. Akaketi chini mbele ya kile kiti, akamtazama aliyevaa koti.

"Yule mtoto wetu hayuko hospitali," ikasema sauti ya mjomba.

Kicheko kikakatika uani. Hata sheikh aligeuka.

"Walipomfunika nilimwomba, wakanipa. Ningemwachaje pale peke yake, mpwa wangu wa kwanza? Wewe ulikuwa hujitambui. Nilimlaza kwenye tenga, nikamfunika kwa majani ya mgomba, nikapanda naye. Niliokutana nao njiani wakaniuliza, umeuza ndizi? Nikasema zimebaki. Nikamzika kwenye migomba yangu, juu ya mfereji, penye jiwe lililolala." Akakohoa, mkono tumboni. "Kwetu kichanga huzikwa na wanawake. Mwanamume akikishika ni nuksi kwa ukoo mzima, wazee wangenifukuza. Basi nikanyamaza, nikisema kesho nitakuambia. Halafu ukizeeka na neno, dada, halitoki tena. Nilikungoja nikuambie."

Mama alisogea karibu zaidi. Kisha akanyoosha mkono, akashika ukingo wa lile koti.

"Alikuwa anafanana na nani?" akauliza.

"Na wewe," ikajibu sauti ya mjomba.

Mama akalia, na mimi sikuwahi kumsikia akilia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, amelala kifudifudi kwenye magoti ya yule Mnyamwezi, na yule Mnyamwezi hakuivua kofia wala hakuibadili sauti. Alikuwa anampigapiga mgongoni, anasema, "Basi dada, basi." Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Baadaye mtani alipewa chake, jogoo na kikapu cha ndizi, na yule mama akavua koti, akalikunja vizuri, akaaga. Nami kichwa kilikuwa kinanichemka. Mawe yaliyolala kule kwa mjomba ni mengi. Uluguru nzima ni mawe. Na hii habari ya mtoto nilimweleza mimi, kwa kinywa changu, barazani, kikombe kikiwa mkononi mwake. Tenga, majani, jiwe, hayo sikumweleza. Lakini mtani hakosi la kuongeza, ndiyo kazi yake. Mjomba alikaa naye siku nyingi za peke yao. Angeweza kumwambia, tena yeye kuliko sisi, maana mtani ndiye anayeambiwa yasiyosemeka. Na muuguzi naye angeweza kuyatunga yote njiani, anapanda, kwa huruma, au kwa kile kicheko chetu. Nilitaka kujua. Nikachukua viatu nimfuate kabla hajafika bondeni.

Mama akanishika mkono mlangoni. Sikujua bado ana nguvu kiasi hicho.

"Unakwenda wapi?"

"Nataka kumuuliza neno."

"Neno gani?"

"Kama mjomba aliyasema kweli. Au kama ni utani."

Mama alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Alipowaambia kaka yangu anakufa, mlisema anatania," akasema. "Leo kanirudishia mwanangu. Mtoto wangu yeyote atakayesema anatania, asinizike."

Akauacha mkono wangu, akachukua kanga yake juu ya kamba, akaenda upande wa migomba. Nikabaki mlangoni, viatu mkononi. Chini kule nilimsikia yule muuguzi akiteremka, anaitukana njia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekuwa anamjibu.